Difu ya Beberu na Mikono ya Hizza

Juzi nilipita Lushoto kwa njia yangu ya kawaida, yaani bila sababu. Mtu aliyezoea kuhamahama hukosa raha akikaa mahali mpaka majirani wakajua siku yake ya kufua. Nilishuka kwenye basi, nikanywa chai, kisha miguu ikanipeleka gereji iliyo chini ya soko. Miguu hii haijawahi kupita gereji bila kuingia.

Vijana watatu walikuwa wameinamia gari dogo, lile la aina inayovutwa na magurudumu ya mbele. Walikuwa wamelitia injini kubwa kuliko ile liliyozaliwa nayo. Walipowasha, vioo vya duka la jirani vilitetemeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Nina miaka arobaini na kitu, lakini mgongo ulioharibiwa na kubeba giaboksi humpa mtu heshima kabla ya wakati wake. Mgongo huohuo ndio ulionifanya niweke spana chini mapema.

Mkubwa wao, jina lake Abeli, alinieleza shida. "Tunataka kulitia difu ya kubana. Ukikanyaga mafuta mlimani, gurudumu moja linazunguka peke yake kama mtu anakoroga uji, la pili limelala. Zipo difu za sahani na zipo za gia. Wewe mzee ungechagua ipi?"

"Dereva ni nani?"

Wakatazamana. "Mzee, tumekuuliza difu, hatujakuuliza ukoo."

Nilicheka, nikakaa juu ya tairi. Haya ninayoandika ndiyo niliyowaambia siku ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye ndani ya basi. Nayaandika kwa ajili yenu nyote mnaoshika spana leo, mnaopata vipuri kwa kutuma mtu Dar es Salaam na kungoja kidogo tu. Sisi tulingoja mpaka tukasahau tulikuwa tunangoja nini.

Tuanze na difu yenyewe, kwa faida ya wale wanaoisikia tu ikitajwa.

Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyaruhusu kupishana mwendo. Ni kazi nzuri, lakini difu ya kawaida ina kasoro moja kubwa: gurudumu likikanyaga tope na kuanza kuteleza, nguvu zote hukimbilia hukohuko. Lile lililosimama pakavu, lenye uwezo wa kulivuta gari, halipati kitu. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema, "Elia, difu ya kawaida ni adui wa Ujamaa. Humpa mvivu chakula chote, na mwenye jembe hulala njaa." Siku zile kila kitu kilipimwa kwa Ujamaa, hata vyuma.

Fundi huyo aliitwa Yoeli. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana na majivuno ya haki kabisa, kwa sababu alikuwa akipuliza lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kanisa la Kilutheri. Jumapili ungemwona amelikumbatia kama mtu anayeokoa ndama mtoni. Jumatatu alikuwa chini ya lori. Alituambia kwamba kupuliza sauti ya chini kunamfundisha mtu kusikia beringi mbovu, nasi tulidhani anajisifu. Siku moja alipita mbele ya gari lililosimama likinguruma, akasema bila kusimama, "Beringi ya giaboksi, upande wa kulia, inaimba nusu chini ya noti." Tulifungua. Ilikuwa hiyo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na ulimi mrefu. Nilimuuliza kama anaweza pia kusikia injini inayoimba juu ya noti. Alinijibu, "Hiyo ni ya mguu wa dereva. Siitengenezi."

Kabla sijafika kwenye hadithi niliyokusudia, acheni niwapitishe Kwamkoro, maana huko ndiko nilikoiona difu ya kuchomelea. Nilikaa kule msimu mmoja, katika shamba la chai ambalo halina haja ya kutajwa. Fundi mmoja wa pale alikuwa bingwa wa kuchomelea difu za malori. Unayeyusha gia za ndani zikawa kitu kimoja, magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka sawa daima, lori linapanda tope kama kenge. Kwa lori linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mwendo wa polepole, ardhi laini, si jambo la ajabu. Tairi huisha haraka, lakini unafika.

Basi akaletewa gari dogo la karani, la kuvuta mbele. Akachomelea vilevile. Karani akawasha, akatoka getini vizuri, akafika kwenye kona ya kwanza na kuzungusha usukani. Magurudumu ya mbele yaligeuka kweli, tuliyaona. Gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja, likavuka uwanja wa mpira huku kipa akikimbia na kuacha goli wazi, likaingia kwenye mistari ya chai. Karani alishuka na jani la chai sikioni, akauliza kwa upole, "Ndugu fundi, nikitaka kwenda kushoto nifanyeje?"

Kwa hiyo hilo liwekeni kando mapema. Kwenye gari la kuvuta mbele, magurudumu yanayovuta ndiyo yanayokata kona. Chochote unachokifanya kwenye difu, dereva atakisikia mikononi. Hili ndilo lililonifanya niulize dereva ni nani.

Sasa Hizza.

Juu ya Mlalo kulikuwa na kijiji cha ujamaa kilicholima mapeasi mengi kuliko midomo ya kuyala. Peasi ni tunda la adabu. Ukilibeba kichwani katika tenga na kuteremka nalo makorongo, likifika sokoni lina madoa meusi kama limepigana. Kijiji kile kilikuwa na gari moja tu. Lilikuwa la mtaalamu mgeni wa misitu aliyekuwa akilishindanisha kwenye mashindano ya magari wakati wa likizo zake. Mkataba wake ulipokwisha, aliwaachia wanakijiji gari pamoja na sanduku la vipuri, akapanda ndege.

Lilikuwa dogo, la kuvuta mbele, na lilikuwa na injini iliyochokonolewa ikatoa nguvu za lori. Watu waliliita Beberu. Wengine walisema ni kwa sababu lilitoka kwa Mzungu, wengine kwa sababu lilivuta kwa kichwa. Liling'olewa viti vya nyuma, likawekewa mbao, likawa gari la mapeasi.

Dereva wake alikuwa Hizza. Mwanamume wa makamo, Mwislamu mtulivu, baba wa watoto wanne, mwenye ucheshi unaokuja taratibu. Zamani alifanya kazi ya kupasua mbao, gogo likamwangukia mkono wa kulia. Kiwiko kiliunga vibaya. Mkono ule uliweza kushika kikombe na kushikilia usukani mwepesi, lakini jembe ulikuwa haulimudu, wala shoka. Katika kijiji ambacho kila mtu alitakiwa aonekane shambani, Hizza alikuwa na kazi moja tu aliyoweza kuifanya sawasawa na mtu mwingine yeyote, nayo ilikuwa kumwendesha Beberu. Na aliendesha, ndugu zangu! Aliweza kushusha matenga ya mapeasi kwenye barabara ile na kuyafikisha bila doa. Sijaona tena mguu mwepesi kama ule kwenye breki.

Tatizo lilikuwa Ngazi.

Barabara ya kutoka kijijini ilishuka mpaka mtoni, kisha ikapanda mwinuko mkali uliochongwa na mvua ukawa na vidaraja vya mawe, yaani vipandio, na mashimo, ndiyo maana ukaitwa Ngazi. Juu yake kulikuwa na kona kali, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hakuna kitu. Kiangazi Beberu alipanda akiimba. Masika, akiwa na mzigo, gurudumu moja lilizunguka mpaka likatoa moshi, na yeye akabaki palepale.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shemhina, alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno. Alikuwa amepata kijiji cha bondeni kilichokuwa tayari kumchukua Beberu na kuwapa trekta kuukuu. Trekta lingeendeshwa na mpwa wake, kijana mwenye mikono kama nguzo za simu. Kamati ya kijiji ikakubaliana: Beberu apewe nafasi moja. Akipanda Ngazi na mzigo masika haya, atabaki. Akishindwa, aende bondeni.

Hizza alikuja gereji kwetu na sanduku lote la vipuri.

"Onga mshi, Mzee Yoeli," alisalimia kwa Kishambaa, kisha akarudi kwenye Kiswahili kama mtu anayevaa koti la shughuli. "Nimeambiwa humu ndani kuna difu. Mimi sizijui. Nawaombeni mniwekee ile itakayonipandisha Ngazi."

Tulikuta difu mbili, zimefungwa kwa karatasi yenye mafuta kama maandazi.

Ya kwanza ilikuwa ya sahani. Ndani yake mna sahani nyembamba za chuma zilizopangwa kama chapati, zinabanwa na springi. Gurudumu moja likitaka kukimbia, sahani husuguana na kulizuia, nguvu zikaenda na kwa mwenzake. Hii hubana hata kama gurudumu moja liko hewani. Ya pili ilikuwa ya gia tupu, gia zilizosokotwa kama kamba. Ukivuta, zinaumana zenyewe na kugawa nguvu kwa lile lenye kushika. Ukiacha kuvuta, zinaachiana, usukani unakuwa mwepesi. Lakini ina udhaifu: gurudumu moja likinyanyuka kabisa kutoka ardhini, gia hazina cha kuumania, na unarudi kulekule kwa uji.

Mimi sikufikiri mara mbili. "Ya sahani," nilisema. "Ngazi ina mashimo. Gurudumu litanyanyuka tu."

Fundi Yoeli alikwenda nje, akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia viazi, aliyoiazima kwa mama mmoja wa sokoni. Hapa nataka msikilize vizuri, maana njia hii haijapitwa na wakati. Difu ikishafungwa, unainua gurudumu moja la mbele, la pili linabaki chini, gia unaiweka huru. Unatia spana ndefu kwenye nati ya katikati ya gurudumu lililoinuliwa, mwishoni mwa spana unaning'iniza mizani, unavuta. Pale gurudumu linapokubali kuzunguka, unasoma. Hapo umepima difu inabana kiasi gani hata kabla ya gari kuondoka. Vitabu vinataka kifaa maalumu. Sisi tulikuwa na mizani ya viazi, na mama mwenye mizani aliyekuja kusimama nyuma yetu akiuliza kama na difu nayo tunaiuza kwa kilo.

Kumbukeni pia kwamba katika Beberu difu ilikaa ndani ya giaboksi. Hukuweza kuitoa bila kushusha injini na giaboksi pamoja. Tulisimamisha magogo matatu ya mkaratusi, tukayafunga juu, tukaning'iniza mnyororo wa kuinulia. Yoeli alituongoza kwa kuhesabu kama anaongoza bendi, na mtu aliyevuta nje ya mdundo alitolewa.

Tukafunga ya sahani. Mizani ilipovutwa, sindano ilikwenda mbali hata mama wa viazi akasema "Yesu wangu!" Mimi nikafurahi. Yoeli hakufurahi.

Tulikwenda na Hizza kuijaribu Ngazi siku ya mvua. Mimi nilikaa kando yake, Yoeli akasimama juu kwenye kona, mwavuli mkononi.

Beberu alipanda. Nisidanganye, ilikuwa raha kuitazama. Magurudumu yote mawili yaliuma mawe, tope likaruka juu ya paa. Lakini kila alipoingia kwenye shimo usukani uliruka kama samaki. Mkono wa kushoto wa Hizza uliushika, wa kulia ukapepesuka ukaachia, akaukamata tena kwa kuuegemea na kifua. Tukafika kwenye kona. Alizungusha. Gari likataka kwenda moja kwa moja, kama lile la Kwamkoro, ila hapa hapakuwa na chai ya kutupokea. Hizza aliachia mafuta, akavuta usukani kwa kidevu na mkono mmoja, tukapita tukiacha alama ya tairi mahali ambapo nyasi ziliishia.

Yoeli aliukunja mwavuli. Hizza alizima gari, akakaa akitazama mbele.

"Limepanda," alisema.

"Limepanda," nilikubali. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Basi liacheni hivihivi. Likipanda mbele ya kamati, litabaki kijijini."

Yoeli aliinama dirishani. "Litabaki kijijini. Wewe utabaki nalo?"

Hizza alikikanda kiwiko chake kibovu.

"Mara ngapi kwa wiki unapita hapa na mapeasi, bwana Hizza? Mkono huo utalishika mara ngapi? Watakuona unapigana nalo, na kabla mvua hazijaisha watampa usukani yule kijana wa nguzo za simu. Na hiyo ni kama kona itakuwa na subira na wewe."

"Mzee Yoeli, watoto wangu hawali usukani mwepesi. Hiyo ya gia ikinyanyua gurudumu nitakwama mbele ya watu wote."

"Ikinyanyua gurudumu, utafanya nitakachokufundisha."

Mimi nilidhani Yoeli anatafuta ubishi. Tulikuwa na difu inayopanda, tayari imefungwa, na yeye anataka tushushe injini upya! Nikamwambia injini yenye nguvu inataka difu yenye nguvu. Alinijibu neno ambalo nimelibeba kila nilikokwenda, Tanga, Korogwe, na kote nilikokula makombo ya gereji za watu: "Injini haina mikono, Elia. Injini haitaanguka kwenye kona ile peke yake."

Tukashusha. Tukafunga ya gia. Safari hii mizani haikusogea sana, mama wa viazi akatuonea huruma.

Kisha Yoeli akaanza kazi ambayo mafundi wengi huiona si yao, akamfundisha dereva. Kwanza alipanga mzigo upya. Aliking'oa kiti cha abiria, akaamuru matenga mazito yakae palepale mbele, kando ya Hizza. "Gari hili linavuta kwa mbele," alisema. "Mlimani uzito hurudi nyuma, pua inakuwa nyepesi. Ukijaza mapeasi nyuma unampunguzia mvutaji miguu."

Halafu akaja kwenye mguu wa kushoto. Gari likishaondoka, klachi haihitajiki, mguu wa kushoto umekaa tu. Yoeli alitaka uguse breki, kidogo, wakati mguu wa kulia unaendelea kukanyaga mafuta. Gurudumu lililo hewani likishikwa na breki, difu ya gia inapata kitu cha kuumania, na nguvu zinakwenda kwa lile lililo chini. Ukigusa kwa nguvu unazima injini. Ukigusa kidogo mno unakoroga uji.

"Kiasi gani?" Hizza aliuliza.

Yoeli alifikiri. "Kama unavyoshika kifaranga asikutoroke wala usimuue."

Mimi nilijaribu nikazima injini kila mara, mpaka Yoeli akaniambia nirudi kwenye spana nikawahurumie vifaranga. Hizza alipata asubuhi ileile. Mguu wake, uliokuwa ukishusha mapeasi bila doa, ulikuwa umeijua kazi hiyo muda mrefu kabla haijapewa jina.

Siku ya kamati mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Kijiji kizima kilishuka mtoni, wengine wamejifunika magunia. Mzee Shemhina alisimama mahali pazuri pa kuonekana, mpwa wake kando yake akinyoosha vidole.

"Ndugu fundi," Mzee Shemhina alimwambia Yoeli, "nimesikia mlikuwa na difu ngumu mkaitoa, mkatia laini. Mnatuchezea?"

"Mwenyekiti, hata tarumbeta halipulizwi kwa ngumi."

Beberu akaanza kupanda, matenga mbele, Hizza ameweka kiwiko chake kilichopinda dirishani. Alipita mashimo ya chini vizuri. Usukani haukuruka. Alipofika kwenye kidaraja kikubwa cha jiwe, gurudumu la kushoto lilinyanyuka, likazunguka hewani, gari likasimama. Nikaona mguu wake ukisogea kwenda kwenye breki.

Hapo upendo wa watu ukatuharibia.

Kwetu lori likikwama, kila mwenye nguvu hurukia nyuma kuongeza uzito juu ya magurudumu yanayosukuma. Ndivyo tulivyolelewa. Na watu wale walimpenda Hizza. Wakatoka kando kwa kelele, akina mama kwa vijana, wakarukia bampa ya nyuma, wengine wakakaa juu ya mbao, mmoja akamshika mwenzake kiuno, na wote wakaanza kuruka kwa mdundo. Pua ya Beberu ikanyanyuka kama ng'ombe anayenusa mvua. Sasa magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yanagusa ardhi kwa heshima tu. Beberu akaanza kurudi chini polepole, amebeba nusu ya kijiji.

"Nilisema mimi!" Mzee Shemhina alipaza sauti. "Nilisema au sikusema?"

Mimi nilishakimbia hatua mbili nikapige kelele. Yoeli alinishika shati. "Mwache. Gari ni lake."

Hizza alimruhusu Beberu ashuke mpaka mahali pa nafuu, akasimamisha, akatoa kichwa nje. Hakukasirika. Alisema kwa sauti iliyofika hadi mtoni, "Jamaa zangu, asanteni sana. Sasa shukeni, maana mnanisaidia kushindwa. Huyu havuti kwa mkia!"

Kikacheka kijiji chote. Wakashuka mmoja mmoja, wengine bila kuelewa wamekosea nini. Bibi mmoja aligonga paa akasema, "Haya nenda, mwanangu. Lakini tulikuwa tunakubeba vizuri."

Akaanza upya. Mashimo ya chini. Jiwe. Gurudumu la kushoto likanyanyuka tena na kuzunguka, hata mpwa wa mwenyekiti akaacha kunyoosha vidole vyake. Nikasikia injini ikibadilika sauti, ikashuka kidogo, kama mtu anayeinua mzigo. Yoeli kando yangu alikuwa amefumba macho. "Hapo," alisema, "hapohapo." Gurudumu la hewani likapunguza kasi. La kulia likauma jiwe. Beberu akajivuta juu ya kidaraja, akafuata kingine, akaingia kwenye kona na kuizunguka kwa unyenyekevu kama muumini anayeingia kanisani amechelewa. Mkono wa kushoto ndio uliogeuza. Kiwiko kilichopinda hakikuondoka dirishani.

Tulipanda wote kwa miguu tukitelezeana. Juu tulimkuta Hizza ameshafungua mlango na kupanga matenga chini ili kamati ione. Mzee Shemhina alifika wa mwisho akihema. Alichagua peasi moja kutoka katikati ya tenga, akaligeuza upande huu na huu akitafuta doa. Hakulipata. Akaling'ata, akatafuna kwa muda mrefu, sote tukimtazama taya.

Kisha akauliza kwa ukali, "Hivi ni nani aliyekuwa anataka gari hili liende bondeni?"

Sote tukaanza kupanga matenga upya. Mtu mzima huheshimiwa. Mpwa wake alitazama mawingu.

Hizza aliendelea kumwendesha Beberu masika yale na mengine yaliyofuata, na mimi nikaendelea na safari zangu. Nilipopita tena baada ya miaka mingi, difu ya gia ilikuwa bado haijafunguliwa. Haina sahani za kuisha, na oili yake ni ileile ya giaboksi. Ile ya sahani vumbi lake la chuma lingechafua gia zote kwa sababu zinakaa pamoja, na hilo nalo mlifikirie kabla hamjatoa pesa. Sisemi sahani ni mbaya. Dereva wa mashindano mwenye mabega, barabara pana, fundi wa kumfungulia kila mara, mpeni sahani na mumtakie heri. Lakini yule mgeni wa misitu alipofunga safari hakuacha mabega yake sandukuni.

Nilipomaliza kuwaambia hayo vijana wa gereji, chai yao ilikuwa imepoa. Abeli alijifuta mikono taratibu.

"Mzee," alisema, "dereva ni dada yangu. Anapeleka maziwa kutoka Irente."

Alimwita. Alitoka kwenye kivuli cha ukuta mwanamke mwembamba aliyekuwa akitusikiliza muda wote. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo," akanipa mkono. Niliushika kidogo zaidi ya desturi. Ulikuwa mkono mdogo, mkavu, uliotulia kabisa.

"Ya gia," nilimwambia Abeli. "Na mtu amfundishe huyu mguu wa kushoto."

"Mguu wa kushoto ninao, baba," dada yake alisema. "Nilikuwa sijaambiwa tu kazi yake."

Nilitakiwa kupanda basi la mchana. Badala yake nilimwambia afungue mlango, nikaketi kando yake, tukaenda kutafuta mlima wenye tope.